Kuonja Si Kula

Kwa miaka sita kinyozi alimpikia mama yake kama anayepima dawa. Tangu mama agundulike na sukari, mboga zilichemshwa bila mafuta, chai ikanywewa bila sukari, na soda haikukanyaga nyumba ile ng'o. Mama alikula bila kununa. Hata hivyo kipimo kiligoma kushuka, na kidonda cha unyayo kilikuwa kibichi mwezi wa tatu sasa.

"Anakula nini huyu?" muuguzi wa kliniki aliuliza.

"Ninachompa mimi tu," kinyozi aliapa, na masikini ya Mungu, aliamini.

Siku moja akafunga kibanda mchana kumpelekea mama vidonge alivyosahau, kule kantini ya kiwanda alikokuwa mpishi mkuu, watu wote wakimwita Mama Upawa. Akamkuta kwenye sufuria la chai ya watu mia tatu. Mama akadondosha chai kiganjani, akalamba, akaongeza sukari, akalamba tena. Akahamia kwenye uji. Akarudi kwenye chai. Loo, watu wazima wana mambo.

"Mama, unafanya nini?"

"Naonja."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu sijakuzaa. Mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Kuonja si kula, mwanangu."

Hakuwa akimdanganya mtu, na hilo ndilo lililomuuma kinyozi. Kwa wapishi wa pale, chakula ni kile kilichopakuliwa. Miaka sita yeye alilinda sahani, kumbe adui alipita kiganjani.

Mama aliacha siku hiyohiyo, lakini maji yalikwisha kumwagika. Wiki mbili baadaye daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo uozo utapanda na kumuua. Kinyozi akaikataa karatasi ya idhini. Alitaka mama yake arudi nyumbani mzima, basi.

"Bibi yako hakujua sukari wala presha," mama alimwambia kutoka kitandani. "Homa ilimchukua na miaka thelathini na minane, tukamzika na miguu yake yote miwili. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Leo nimekula chumvi nyingi, nimekuona hadi umeota mvi. Laiti ningeachiwa mama asiye na mguu, ningembeba mgongoni."

Kinyozi akalia mbele ya wagonjwa wote, bila haya. Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi.