Chembe za Mama Chupa

Saa moja kasorobo asubuhi, mwosha vyombo wa maabara, aliyejulikana na wote kama Mama Chupa, alimaliza kusuuza mirija ya kioo akaipanga kichwa chini kwenye kitambaa. Kisha akauinamia mrija mrefu wa dirishani, uliojaa maji meupe kama maziwa. Ndani mlikuwa na chembe za silika, ndugu wa mchanga, ndogo kiasi kwamba mia tatu zingetosha kwenye unene wa unywele mmoja.

“Haya wanangu, shukeni polepole,” alisema. “Msisukumane. Kila mmoja akae kwenye pengo la waliotangulia.”

Chembe zikatii.

Kwa Profesa, mkuu wa maabara, hazikuwahi kutii. Mtu mwenyewe roho juu juu: kila akipita aliuinua mrija aone kilichotuama, zikavurugika upya. Miezi minane aliandika daftarini, “Imeshindikana.” Sasa, baada ya wiki tatu za kubembelezwa na Mama Chupa, kitako cha mrija kiliwaka kijani, na ukisogea, chekundu, ingawa hakuna aliyetia rangi: ni mwanga tu ulivyocheza kwenye tabaka la chembe zilizojipanga. Profesa akaandika, “Nimefaulu.” Mama Chupa alilisoma neno hilo akipangusa meza. Alitaka kitu kimoja tu, atajwe.

Wageni wa kamati ya tuzo ya sayansi walifika saa nne kuuona mrija huo.

“Nilizipanga mimi,” alianza Profesa, na tabaka likasambaratika, maji yakarudi kuwa maziwa. Mgeni mkuu akatazama saa yake.

“Sema kweli, Profesa,” alisema Mama Chupa kutoka kwenye sinki. “Zinasikia hizo.”

Profesa akakohoa. “Ni huyu mama. Yeye ndiye aliyezipanga.”

Chembe zikashuka safu juu ya safu, kazi ya wiki tatu kwa dakika tatu. Rangi zikajaa mrijani, zikapanda ukutani, zikawapaka wageni nyuso. Wakasimama wote wakapiga makofi, naye Mama Chupa akayapokea mikono kiunoni, furaha imemjaa hadi machoni.

Mgeni mkuu akatoa fomu ya tuzo. Mshindi alitakiwa awe na cheo, na mwosha vyombo hakuwemo kwenye orodha ya vyeo. Akaandika jina la Profesa.

“Utatuwia radhi, mama. Ndivyo fomu ilivyo.”

“Andika tu, baba. Ila mkiuchukua huo mrija, ubebeni taratibu. Wananijua mimi, hawawajui nyinyi.”

Akakusanya vikombe vya chai vya wageni, akaenda kuviosha huku akiimba kwa sauti yake yote.