Chumba Nyuma ya Chumba

Tangu halmashauri isimike taa mpya mbele ya dirisha lake, Vlaho hakupata usingizi wa maana. Ndivyo alivyomweleza kila aliyesimama kumsikiliza, na hata asiyesimama. Wakubwa wale, alisema, mashimo ya barabarani hawayaoni mwaka mzima, lakini mahali pamoja ambapo mzee mfiwa anahitaji giza, hapo macho yakawafunguka.

Nyumba yake, kama zote za Kilima cha Mbwa Mwekundu, ilichimbwa ndani ya mwamba, maana jua la jangwa lile halina utani. Chumba cha kulala tu ndicho kilichokaa mbele na dirisha, kwa kuwa marehemu mkewe Anka alipenda kuona nje. Vlaho alipokwenda ofisini kulalamika, kijana mmoja mwenye tai alimshauri atundike pazia. Akatundika blanketi, juu ya blanketi gunia, juu ya gunia zulia la sebuleni. Giza likaja, likaja na joto la tanuri la mkate, akakesha akijipepea kwa kofia.

Lililomtia hofu halikuwa kukesha. Alikuwa mchimba opali, yale mawe ya thamani, na asubuhi moja mwenzake Kosta, mwenye winchi ya kuwashusha shimoni kwa ndoo, alimkuta amesinzia wima, mguu mmoja ndani ya ndoo, mwingine ukingoni. Kosta akazima mashine.

"Leo hushuki."

"Nani kasema?"

"Winchi. Nikikushusha umelala, nitapandisha nini? Kalale, bwana wee. Ukiupata usingizi, njoo. Usipoupata, kauze soksi sokoni."

Maneno hayo yalimchoma. Shule aliiacha kabla haijamzoea. Nje ya kuchimba hakujua kazi nyingine. Basi akarudi nyumbani akafanya analolijua: akachimba. Nyuma ya jiko, ndani kabisa kwenye tumbo la kilima, atajitengenezea chumba ambacho taa ya halmashauri haitakifikia hata ikiota miguu.

Kilima kizima hakikuamini. Huku kwao, mtu akisema anaongeza chumba, watu husikia opali. Majirani wakaanza kuja kumjulia hali, wasiokuja hata msibani, na kila mmoja alisalimia huku jicho liko kwenye lundo la kifusi. Kosta naye akapita kumkumbusha kwamba wao ni washirika kwa shida na raha. Vlaho akamwambia raha yote imo kwenye kile kifusi, achukue koleo.

Aliyecheka waziwazi ni Pagona, mjane Mgiriki aliyewahi kuwa mpishi wa hoteli, ambaye nyumba yake ilichimbwa upande wa pili wa kilima hichohicho.

"Jirani, watu wa rika letu wanachimbiwa, wewe unajichimbia mwenyewe?"

"Nikiwaachia halmashauri, watanizika chini ya taa," akajibu.

Chumba kikatoka chumba. Kuta alizipaka gundi ili vumbi lisimwangukie puani. Akatoboa tundu la hewa hadi juu ya kilima, akalikinga kwa bati mijusi wasimdondokee. Kitanda hakununua, alibakiza ukingo wa mwamba, akautandika godoro na shuka za Anka zilizokuwa zimekunjwa tangu mazishi. Mlango mzito, dirisha hakuna. Ndani mlikuwa na baridi ya mtungi na giza la kushikika.

Akalala chali, akangoja. Usingizi haukuja. Kimya kilikuwa kingi mno, hata mapigo ya moyo wake yakawa kama mgeni anayebisha hodi. Akageuka huku, akageuka kule. Alitafuta namna ya kuilaumu halmashauri, na kwa mara ya kwanza akakosa pa kuishikia. Hilo lilimuudhi zaidi.

Kesho yake akaamua kinachokosekana ni kishubaka cha kuwekea saa ya Anka. Akashika mashine ya kutoboa, akaielekeza ukutani usawa wa mto. Mwamba ukalia, ukalia, mara ukaacha kulia. Mashine ikazama hadi mpini. Upande wa pili kitu kikaanguka kikapasuka, na harufu ya siki ikamjia usoni. Alipochomoa, jicho la Pagona lilikuwa kwenye tundu.

"Kama ulitaka zeituni," jicho likasema, "mlango wangu uko wapi unaujua."

Sheria ilitaka ukuta mnene kati ya nyumba na nyumba, na Vlaho alijua wenye tai wakisikia watamfukia na chumba chake. Akaomba radhi kwa sauti ambayo Pagona hakuwahi kuisikia kwake, akaahidi kuleta saruji jioni.

Saa ya jua kali akajinyoosha kidogo kungoja joto lipungue. Kupitia tundu akasikia kisu kikikata vitunguu, sufuria ikigongana na mfuniko, redio, na Pagona akibishana na msoma habari. Ndivyo Anka alivyokuwa akipika huku yeye amelala, naye Vlaho akilalamika kila siku kwamba mwanamke yule atamtoa roho kwa kelele. Akataka kukumbuka alivyokuwa akilalamika, lakini hakufika mwisho.

Alizinduka jua limeshatua, shavu lina alama za shuka.

"Umeleta saruji?" Pagona akauliza kutoka upande wake.

 Vlaho akasema, "Usingizi wangu unapitia hapo, jirani."

Sufuria ikafunikwa. "Basi weka kimlango, panya wasije kwangu," Pagona akasema.

Asubuhi alikwenda shimoni akipiga mluzi. Kosta akamtazama macho, akaitazama ndoo, akawasha winchi.

Mwezi uleule halmashauri ikakumbuka kuikinga ile taa kwa bati. Vlaho akawaambia wamechelewa kama kawaida yao, wala hakuwasamehe. Alishakuwa na chumba, na kimlango cha mbao usawa wa mto ambacho hugongwa mara mojamoja, Pagona akinong'ona kutoka upande wa pili:

"Geuka ubavu, Vlaho. Unakoroma mpaka sahani zinacheza."