Mashahidi wa Neno Bize

Katika ofisi ile ya kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, ukurasa haukwenda kiwandani kuchapwa bila saini mbili: ya aliyeuandika na ya Mkuu aliyeukagua. Sheria hiyo aliitunga Mkuu mwenyewe, na aliipenda kama mtu anavyompenda kifungua mimba wake. "Ukurasa usio na saini hauna mwenyewe," alizoea kusema, "na kisicho na mwenyewe hakina wa kukitetea."

Alasiri moja kurasa zote za herufi B zilikuwa zimefungwa kamba juu ya meza, isipokuwa mmoja. Huo aliuandika msichana waliyembandika jina la Kimya, kwa kuwa aliweza kushinda siku nzima ofisini na asisikike ila anapopenga makamasi.

"Binti yangu, hujatia saini," Mkuu alisema, miwani imemshukia hadi ncha ya pua.

"Bado, Mzee."

"Gari la kiwanda linafika saa kumi."

"Najua, Mzee."

Kimya aliutazama ukurasa. Ulikuwa umechanjwa kalamu nyekundu kutoka juu hadi chini. Neno lenyewe lilikuwa la Kiingereza, lakini kila mtu huko nje alikwisha kulichukua na kuliita bize, na Kimya alitumia miezi miwili kukusanya jinsi watu wanavyolisema kwa maneno yao. Kila sentensi aliiandika kwenye kadi, na chini yake kazi ya aliyeisema. "Nimetingwa, njoo kesho": fundi bomba. "Huyo shemeji siku hizi hashikiki": muuza mboga. "Simu yake inatumika": karani wa posta. "Sina hata nafasi ya kujikuna": fundi cherehani. Na ile aliyoipenda kuliko zote, ya msusi aliyekuwa akimsema shoga yake asiyepokea simu: "Kajitia bize, lakini namwona yuko hewani."

Mkuu alizifuta zote. Alibakiza mstari mmoja tu, "-enye shughuli nyingi", na pembeni akaandika: Kamusi si kibaraza cha umbea.

"Tatizo ni nini?" Mkuu aliuliza. "Maana ipo, imetosha, imekaa vizuri."

Kimya aliikalia mikono yake. "Haitoshi, Mzee."

Dada mpanga kurasa, aliyekuwa akimenya chungwa kwenye meza ya dirishani, aliacha kumenya.

"Unasemaje?"

"Mdogo wangu alisomea toleo letu la kwanza. Akapata kazi mapokezi, kwenye zahanati. Siku ya kwanza daktari alimwagiza apige hospitali kubwa. Akakuta kuna mtu mwingine kwenye laini. Kwa Kiingereza alijua la kusema, kwa Kiswahili akakumbuka kamusi. Akarudi akasema, 'Daktari, simu ya hospitali ina shughuli nyingi.'"

Dada mpanga kurasa aliguna.

"Daktari akamuuliza, 'Inafanya shughuli gani, inafua?' Mpaka leo pale kazini wanamwita Simu Inafua. Wagonjwa nao wameshalijua."

Dada mpanga kurasa alicheka mpaka chungwa likamtoka mkononi. Mkuu hakucheka. Alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya shati, taratibu, kama mtu anayetafuta muda.

"Toleo la kwanza niliandika mimi," alisema.

Kimya hakuwa na habari. Kama angejua asingethubutu, na alishukuru kwamba hakujua.

"Nilisoma magazeti ya miaka kumi kutafuta neno hilo," Mkuu aliendelea. "Miaka kumi! Wewe unaniletea msusi?"

"Magazeti hayapigi simu, Mzee."

"Usinijibu hivyo."

"Samahani. Lakini hayapigi."

Mkuu alizichukua kadi, akazipekua moja moja kwa kidole, hadi akafika ya fundi cherehani. Akaiinua. "Huyu fundi ni nani? Si mama yako huyu?"

"Ni mama yangu."

"Aa! Kumbe tunaandika kamusi ya ukoo."

Masikio yalimwaka Kimya. Alimwona mama yake pale kwenye cherehani, pini tano mdomoni, sare za shule zimerundikana mpaka kiunoni, akimjibu mteja bila kuinua kichwa. Mama angekuwa hapa asingenyamaza.

"Mzee, mama amesema hivyo mbele yangu tangu nikiwa mgongoni. Nikimfuta yeye nitamwambia mwanafunzi alijifunze kwa nani? Yeye na fundi bomba na msusi ndio wanaokisema Kiswahili. Sisi tunakiandika tu."

"Nipe nitie saini mwenyewe, basi. Zote mbili."

"Sheria ni yako, Mzee."

Mkuu aligeukia dirishani. "Mpanga kurasa! Njoo umsainie mwenzako."

"Mie?" Dada alijipangusa vidole kwa gazeti. "Mie napanga, siandiki. Usinitie kwenye moto wa watu."

Chini barabarani gari lilipiga honi mara mbili. Mkuu alisimama, akaketi, akasimama tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile aliyoitumia anapotaka kuumiza:

"Sawa. Ukurasa utakwenda kama ulivyouandika, na mama yako ndani. Lakini kwenye orodha ya wahariri, pale mwanzo wa kitabu, jina lako nalitoa. Mhariri asiyekubali kuhaririwa si mhariri. Chagua."

Hapo ndipo Kimya alipolegea. Mama alikwisha kuwatangazia wateja wote kwamba jina la mwanawe litachapwa kitabuni. Hata aliyeleta suruali ya kupunguzwa hakuachwa atoke bila kuambiwa. Alimfikiria mama akifungua ukurasa wa kwanza, kidole kikishuka, kikifika mwisho, kikirudi juu.

Honi ilipigwa tena.

"Litoe, Mzee," alisema.

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Litoe."

Aliitoa mikono chini ya mapaja. Ilikuwa imekufa ganzi, na saini ikatoka imepinda kama mguu wa mzee, lakini ilisomeka. Akausukuma ukurasa mbele ya Mkuu na kuweka kalamu juu yake.

Mkuu aliandika pembeni, Kila kilichofutwa kirudi, kisha akasaini kwa mkwaruzo mmoja. Dada mpanga kurasa aliunyakua kabla hajabadili mawazo, akaufunga na wenzake, akashuka ngazi mbili mbili.

"Na herufi C," Mkuu alisema bila kumtazama, "bado unataka kuiandika, bila jina?"

"Nimeshaianza, Mzee," alisema Kimya, akavuta droo. Ilikuwa imejaa mpaka ikakwama njiani, akaitia teke. "Kadi mia mbili na kumi za neno chenji. Makondakta watupu."