Kofia ya Jino la Fundi Hashimu

Kofia ya jino la Fundi Hashimu ilidondokea ndani ya kikombe cha chai, mbele ya wageni waliotoka Mikindani kupanga siku ya ndoa ya binti yake, tena wakati uleule mwenyewe akieleza jinsi vitanda vyake visivyolegea kiungo hata wajukuu wakivirithi. Mtu mwingine angeomba radhi, akachukua kijiko, akatoa kitu chake. Hashimu alifunika kikombe kwa kisahani, akafumba mdomo, na tangu hapo akawa anaitikia kwa kichwa tu. Wageni walipotaja Ijumaa ya wiki inayofuata, aliitikia. Walipoomba nikaha ifungwe palepale nyumbani kwake baada ya Alasiri, aliitikia. Waliondoka wakimsifu, maana hawakuwahi kupata mkwe mpole kiasi kile.

Mkewe, Bi Nuru, hakudanganyika. Alikuwa ameishi na mdomo huo miaka mingi na hakuwahi kuuona ukitulia.

"Baba Somoe, mbona chai hujamaliza?"

"Imepoa."

"Ya jana unakunywa, leo iliyopoa imekushinda? Hebu lete hicho kikombe."

Ndivyo siri ilivyodumu: muda wa kuvuka uwanja.

Jino lenyewe lilikuwa la mbele, juu, lile ambalo mtu akicheka ndilo linalotangulia kusalimia. Lilivunjika zamani kwa sababu Hashimu alikuwa akifungulia soda kwa meno, huku bisibisi tatu ziko mfukoni. Daktari Upendo, mtu wa Njombe aliyepangiwa kazi Mtwara, alilitibu mzizi, akalichonga, akalivisha kofia nzuri hata mwenyewe akasahau lipi la Mungu na lipi la hospitali. Alimwonya wakati uleule: kisiki kilichobaki ni kifupi, usikitumie kwa vitu vigumu, piga mswaki pale kofia inapokutana na ufizi, na ikicheza hata kidogo uje siku hiyohiyo. Hashimu aliitikia yote. Kisha akarudi kwenye karakana yake kule Ufukoni, akatia misumari mdomoni kama kawaida ya mafundi, akaibana kwa meno ya mbele na kuendelea na kazi.

Kofia ilianza kucheza tangu Mfungo wa Ramadhani. Aliizoea. Alikuwa akiisukuma kwa ulimi irudi mahali pake, na akajihesabia kuwa ameitengeneza.

Sasa imetoka, na nikaha iko karibu. Ungedhani angekwenda hospitali. Lakini fundi ni fundi, na waliosema mganga hajigangi hawakuwahi kumwona Hashimu, ambaye alijiganga mara mbili kwa siku moja. Asubuhi alitumia supagluu. Ilishika vizuri hadi mchana, Bi Nuru alipoweka mezani ugali wa muhogo, ugali unaonata, usiomwachia mtu kitu. Tonge lilikwenda na kofia ikaenda nalo.

Ndipo akafanya jambo ambalo mtoto yeyote wa Mtwara angemkataza. Kwenye karakana alikuwa na kopo la mafuta ya maganda ya korosho, meusi, mazito, ambayo huyapaka kwenye miguu ya vitanda ili mchwa wasiguse. Kila mtu huku anajua mafuta hayo yanavyounguza. Hakuna aliyewahi kuiba korosho mbichi utotoni asiyebakiwa na alama. Hashimu anayo yake kidevuni. Lakini alijiambia kwamba mafuta yaliyozuia mchwa miaka yote hiyo hayawezi kushindwa na wadudu wa jino moja, na kwamba yanaganda yakikauka, na kwamba atachovya kwa njiti ya kiberiti, ndani ya kofia tu, tone moja. Alikuwa na hoja nzuri sana. Akalala na hoja zake.

Alipoamka, mdomo wa juu ulikuwa umeumuka kama andazi, ufizi unawaka moto, na kofia iko juu ya mto.

"Uzuri ni kwamba sasa mchwa hawatakula," Bi Nuru alisema, akimkanda kwa kitambaa cha maji baridi. Alisema hivyo kwa sababu alikuwa ameogopa. Alipoona mumewe anaweza kukasirika, akajua atapona, akamtania hadi jua likapanda.

Mchana Hashimu alitangaza uamuzi wake, mkono ukiwa umefunika mdomo. Hatamwozesha binti yake mwenyewe. Atampa shehe uwakili, shehe ndiye atakayetamka. Ni jambo la kawaida, alisema; wazazi wengi wanafanya hivyo, na shehe anajua kutamka vizuri zaidi. Alizungumza kwa unyenyekevu ambao hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuusikia kwake.

Binti yake, Somoe, alikuwa akipembua mchele. Hakunyanyua kichwa.

"Siku ile baba nitakuwa chumbani na wanawake, na pazia limeshushwa," alisema. "Sitakuona. Nitasikia tu. Nikisikia sauti ya shehe nitajua nimeolewa. Nilitaka nisikie yako, nijue ni kwetu wamenitoa."

Hashimu alikuwa anampenda mtoto huyu kuliko kitu chochote alichowahi kukitengeneza au kutengenezewa, na hakuwahi kumwambia. Alichomwambia ni kwamba mchele ule una mawe.

"Basi vaa viatu," Somoe alisema. "Twende kwa daktari."

Daktari Upendo aliwapokea hospitalini Chikongola kwa shikamoo na tabasamu, hadi alipomulika tochi mdomoni. Akauliza nini kimeunguza ufizi. Hashimu akatazama dari. Somoe akajibu kwa niaba yake, neno kwa neno, pamoja na habari ya misumari, ya kofia kucheza tangu Ramadhani, na ya mchwa. Daktari aliweka tochi chini, akageukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Fundi," alisema alipotulia, "unakumbuka kabati ulilonitengenezea jikoni?"

Hashimu alikumbuka. Mlango wa kabati lile ulianguka, na alipoitwa alisema kosa si bawaba wala mikono ya fundi.

"Uliniambia bawaba haishiki kwenye mbao iliyooza. Ukaniambia nimeacha maji yachuruzike pale kila siku, na kuutundikia mlango mizigo, na mlango ulipoanza kulegea sikukuita. Nikakasirika, lakini ulisema kweli. Sasa njoo uone." Akampa kioo kidogo. "Kofia yako nzima kabisa, haina hata ufa. Kilichooza ni kisiki. Ilipoanza kucheza, uchafu ukapenya pembeni, ukala polepole. Misumari nayo imekuwa ikiisukuma. Na usiku?"

"Usiku anasaga," Somoe alisema. "Mama anasema ni kama kulala karibu na mashine ya kukoboa."

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, fundi. Ungekuja Ramadhani, ningesafisha na kuigandisha tena, ukaenda zako. Sasa ni kujenga."

Hashimu, ambaye hajawahi kulaumu kazi yake mwenyewe tangu aanze kushika randa, alijitazama kwenye kile kioo akakosa wa kumsingizia. Aliuliza jambo moja tu: kama jino litapona.

Litapona, daktari alisema. Mzizi bado imara. Ataondoa palipooza, ataingiza kijiti kidogo ndani ya mzizi na kukijengea kisiki kipya, kisha atapima na kuagiza kofia nyingine itakayokaa barabara, maana ile ya zamani haitalingana tena. Atamtengenezea na kinga ya plastiki ya kuvaa akilala, asage plastiki badala ya jino. Na misumari ikae kwenye kopo.

"Kwa Ijumaa?" Hashimu aliuliza.

"Kwa Ijumaa, hapana. Ufizi umeungua, siwezi kuuwekea kitu, hata jino la kubandika kwa muda. Uache upone kwanza. Na fundi, ukitia gundi nyingine humo nitakuja na bomba la sindano mpaka karakana."

Njiani kurudi Somoe hakurudia ombi lake. Hilo lilimuuma Hashimu kuliko ufizi.

Ijumaa uvimbe ulikuwa umekwisha, pengo likabaki wazi. Wageni wa Mikindani walijaa barazani na kanzu zao zilizopigwa pasi. Hashimu aliketi karibu na shehe, mkono mdomoni kama mtu mwenye kufikiri sana. Shemeji yake Shafii, ambaye kwa haki ya ushemeji hakuwahi kumwacha apumue, alimnong'oneza aulize kama wakwe wana mchwa. Hashimu alikuwa akitazama pazia la chumba cha wanawake, ambalo halikutikisika.

Shehe alisoma hotuba, akamgeukia. "Fundi Hashimu, umenipa uwakili wa kumwozesha binti yako?"

Jibu lilikuwa neno moja, na neno hilo lingeweza kutamkwa bila kuonyesha jino lolote.

"Hapana, shehe," alisema. "Namwozesha mwenyewe."

Akamshika bwana harusi mkono, akatamka. Na kwa kuwa Mungu naye ana utani wake, maneno ya nikaha yamejaa sauti zinazotaka meno ya mbele, na jina la binti yake linaanza na moja ya hizo. "Nimekuozesha" ilitoka na mluzi. "Somoe" ikatoka na mluzi mrefu zaidi. Vijana wa nyuma waliinamisha nyuso. Mzee mmoja wa Mikindani alikohoa kwa makusudi. Bwana harusi, maskini, alijikaza, akajibu kwamba amekubali kumuoa kwa mahari waliyopatana, na shehe akainua mikono aombe dua.

Pazia likasogea kidogo. Mwanamke alitoa kichwa, akamwita shehe kwa adabu.

"Samahani, shehe. Bibi harusi anasema hakusikia vizuri. Anaomba baba yake arudie."

Baraza lilicheka, wengine kwa sauti. Shehe alitabasamu, akaeleza kuwa si sharti bibi harusi asikie, mashahidi wamesikia, nikaha imetimia, hakuna haja.

Hashimu alimfahamu mtoto wake. Somoe alikuwa akisikia hodi ya mgeni kabla mgeni hajagonga. Alikuwa akimjua baba yake kwa kikohozi, akiwa bado njia panda. Hapakuwa na neno hata moja lililotamkwa barazani pale ambalo halikumfikia.

"Narudia, shehe," alisema.

Akaondoa mkono mdomoni, akauweka gotini. Akamwita binti yake kwa jina lake lote, taratibu, na kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza.