Pale Panapouma

Mume wangu Kipketer alikuwa akikamua ng'ombe kumi na wawili kila alfajiri katika shamba la mzungu karibu na Njoro. Mwaka wa 1956 mgongo ulimkatalia. Nyapara akampa mpaka Jumatatu: akamue, ama tuhame na watoto, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya kazi.

Alhamisi tukaenda Nakuru, mtaa wa Bondeni, kwa Mzee Darweshi, mkandaji aliyefundishwa na baba yake. Kipketer alitarajia jambo moja tu: mfupa wa mgongo ulie "ko" mara moja, ainuke mzima. Wakamuaji wenzake walimwambia ndivyo inavyokuwa.

Mzee Darweshi hakumgusa kwanza. Alimuuliza maumivu yalianza lini, kama yanashuka mguuni, kama ana ganzi au homa, kama mkojo unatoka vizuri.

"Mkojo nao umeingiaje?" Kipketer akauliza.

"Ungekuwa umegoma, ningekutuma hospitali. Nisingekuwekea mkono."

Akamlaza kifudifudi mkekani, akaanza kubonyeza kwa vidole gumba.

"Hapa panauma?"

"La."

"Na hapa?"

"La."

Akaongeza nguvu, akajibiwa vile vile. Akaongeza tena. Mimi nilikaa pembeni nikanyamaza, na hilo lilikuwa kosa langu.

Kesho yake Kipketer hakuweza kuinuka kitandani. Jumamosi nilimrudisha Nakuru kwa lori la maziwa.

"Mzee, umemuumiza mume wangu," nikasema kabla ya kukaribishwa.

Hakujitetea. "Kuuma-uma siku moja au mbili ni kawaida. Kushindwa kuinuka si kawaida. Nilibonyeza kupita kiasi. Lakini nilimuuliza, mama. Watu wa mtaa huu nikiwagusa tu wanaita mama zao wote."

Nikacheka bila kupenda. "Huyu? Siku aliyotahiriwa hata kope haikucheza. Kwetu mwanamume akikunja uso siku ile, aibu inamfuata mpaka uzeeni. Mchome kwa makaa, bado atakuambia la."

"Mama Kimutai," Kipketer akasema, "hayo ni mambo ya wanaume."

"Na kuhama je, ni kwa wanaume peke yao?"

Mzee Darweshi akachuchumaa mbele yake. "Baba Kimutai, siku ile ilipita na ulishinda. Leo hakuna anayekupima. Mikono yangu haioni kitu. Usiponiambia, nitakuumiza tena."

Akaanza upya, polepole, kwa kiganja. Kipketer alikazia macho ukuta. Niliona vidole vya miguu yake vimejikunja. Ningeweza kusema. Safari hii nilinyamaza makusudi.

"Hapa?"

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Nilihesabu mapigo manne ya shoka.

"Hapo," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Hapo sana."

Mkono wa mzee ukalegea papo hapo. Kazi ilichukua muda, na hakuna mfupa uliolia. Kipketer alipoketi alisema mgongo bado unauma, ila sasa anaweza kuvuta pumzi hadi mwisho.

"Jumatatu nitakamua?"

"Sijui," Mzee Darweshi akasema. "Utarudi mara mbili, tatu. Usilale kutwa nzima, tembea. Tafuta kigoda kirefu zaidi. Ng'ombe kumi na wawili siwezi kukuahidi."

Jumatatu nilimbebea ndoo hadi zizini. Nyapara alikuwa amesimama mlangoni.

"Umepona?"

Uso wa mume wangu ulikuwa mkavu kama siku zote. Niliogopa. Nilijua akisema ndiyo, atakaza meno mpaka ng'ombe wa saba au wa nane, kisha tutambeba.

"Bado," akasema. "Mgongo unauma. Naweza sita."

Wakamuaji wakageuka kumtazama. Mmoja akaguna. Kwa miaka saba nyapara hakuwahi kumsikia akilalamika hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu alimwamini.

"Sita, basi. Na kesho?"

"Kesho nitakuambia."

Nikampa ndoo, nikarudi kuwapikia watoto uji.