Nyayo kwenye Dari Mbichi

Fundi wa dari alitanguliza maji kwenye ndoo, kisha unga wa jipsamu, kwa sababu anayetanguliza unga huambulia madonge na lawama. Akakoroga mpaka bega likauma, akauacha uji upumzike, akaukoroga tena. Ulipofikia uzito wa kukaa kwenye mwiko bila kuchuruzika, alipanda jukwaa katika ukumbi mkubwa, akaupaka darini, akaupigapiga kwa brashi pana ili uote vinundu alivyotaka tajiri, mwenye jengo. Jioni alinawa, akafunga mlango, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi vinundu vilikuwa vimekanyagwa. Nyayo za mtu asiye na viatu zilianzia kona ya mlangoni, zikazunguka dari nzima, zikarudi zilikotoka. Katika unyayo wa kushoto, kidole cha mwisho kilikuwa kimepanda juu ya mwenzake. Fundi aliegemea ukuta. Ulikuwa mguu wa mdogo wake, aliyeanguka kutoka jukwaani ndani ya ukumbi huohuo kabla ya mvua, wakamzika.

"Mdogo wako huyo," alisema msimamizi wa kazi, shingo ameiinua. "Mwambie awe anasubiri ikauke."

"Nikimwona nitamwambia."

Msimamizi ndiye aliyewaeleza waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mtu wa pupa, anarukaruka jukwaani kana kwamba yuko uwanjani. Nyayo zile hazikuwa na pupa hata kidogo. Kila hatua ilitanguliza kisigino, ikapajaribu mahali, ndipo vidole vikafuata. Tena kulikuwa na sehemu ambayo hazikuigusa kabisa, ukanda mwembamba katikati ya dari, juu ya ubao wa jukwaa wenye ufa, uleule alioukanyaga mdogo wake siku alipoanguka. Zilifika hapo, zikasita, zikapita pembeni.

"Unaona anavyoukwepa ubao?" fundi aliuliza.

"Naona. Lakini tumeshaufunga waya, ni mzima huo. Tajiri anataka ukumbi, ndugu yangu, hataki hadithi."

Tajiri alikuja, akatazama juu kwa muda mrefu, uso ukamkunjuka. "Hii nakshi nimeipenda," alisema. "Nataka hivihivi kwenye kumbi zote. Na hapo katikati palipobaki patupu mpamalizie, tutaning'iniza taa."

Nyumbani, mama alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza mwanawe. Kisha aliinama, akazitoa ndala za marehemu chini ya kitanda na kuzipangusa vumbi kwa upindo wa kanga yake.

"Mlete nyumbani," alisema. "Atakaa huko juu mpaka lini, na hata viatu hana?"

Basi fundi akafanya jambo ambalo hakuna fundi wa dari mwenye akili zake anayelifanya: alizidisha maji. Alikuwa na hesabu yake kichwani. Uji mwepesi hautamshika mdogo wake, atateleza, na yeye atakuwa chini kumpokea. Wenzake walipokwenda kula mchana, alijifungia ukumbini, akapaka ule uji upande mmoja wa dari, akatandika magunia matupu sakafuni, akaziweka ndala kando. Akasimama katikati ya magunia, mikono ameitanua.

Nyayo zilitokea mojamoja mbele ya macho yake. Zikateleza kweli, kila moja ikiacha mburuzo mrefu, mpaka zikafika ukutani. Hapo vidole vikazama kwenye pembe ya dari na kung'ang'ania. Havikusogea tena. Uji uliendelea kumdondokea fundi usoni, naye akabaki ameitanua mikono kwa sababu hakujua la kuifanyia.

Ndipo alipoelewa kwamba mdogo wake alikuwa anaogopa. Alishaanguka humo ndani mara moja, na kaka yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtaka aanguke tena.

"Basi, basi, mdogo wangu," alisema. "Tulia hapohapo."

Alikoroga ndoo nyingine, nzito, akampakia pale alipojibanza. Alikuwa analia, na alikoroga vizuri tu. Jioni alizirudisha ndala chini ya kitanda.

Ukabaki ule ukanda wa katikati. Fundi aliomba ubao mwingine. Msimamizi akamjibu kwamba mbao zimeshaagizwa, zikija atapewa wa kwanza. Mbao hizo zilikuwa zimeagizwa tangu kabla ya msiba.

Akapanda. Ubao ukalia chini ya miguu yake, waya ukakaza. Alipaka haraka alivyoweza bila kuharibu kazi, akainua brashi ili aanze kupigapiga vinundu. Pale ambapo nyayo hazikuwahi kufika, juu ya kichwa chake, viganja viwili vilijitokeza kwenye uji mbichi, vidole vimetanuka, vikashuka mpaka alama za vifundo vya mikono zikaonekana. Havikuweza kushuka zaidi ya hapo. Fundi aliweka brashi chini, akainua mkono, akauegemeza kwenye kiganja cha kulia. Kilikuwa cha baridi, na hakikuweza kumshika.

"Usizifute hizo alama!" msimamizi alipaza sauti kutoka chini. "Tajiri atazipenda. Ukimaliza ushushe huo ubao, tuupeleke ukumbi wa pili."

Fundi alimalizia kingo. Kisha akashuka taratibu, kisigino kwanza, akaubeba ubao begani, akaupeleka.