Taa ya Bucha

Swichi kuu ya ghorofa ya nne iliruka tena, na Mulongo, msimamizi wa ploti, akapanda ngazi mbio na koleo mkononi.

"Ridhwan! Taa yako inakula umeme wa ghorofa nzima. Leo nakata waya!"

Ridhwan alilikinga tangi lake la samaki kama kuku mwenye vifaranga. Kando ya samaki wa maji ya chumvi kulikuwa na kisanduku cha mwani unaosafisha maji yao, kikimulikwa na taa hiyo. Mwani ukikosa mwanga ungeoza, na samaki wangekufa.

Dadake, Zaitun, aliyeuza chai kwenye soko la mbuzi la Kiamaiko, akatoa balbu nyekundu mkobani. "Ya buchani. Haili umeme mwingi."

"Samaki wangu si mbuzi wa kutundikwa!"

"Basi baki gizani na maringo yako."

Ridhwan akaing'oa taa yake, akachomeka ile nyekundu. Ili kuijaribu swichi, Mulongo akaamuru majirani wawashe pasi na mabirika yote ya umeme. Swichi ikatulia. Akaondoka akinung'unika.

Lakini mwani ungeikubali balbu hiyo? Adhana ya alasiri ilimkuta Ridhwan bado amechuchumaa. Ndipo kiputo kikapanda kutoka kwenye mwani, dalili kwamba umeupokea mwanga, kikafuatwa na kingine.

"Dada," akasema polepole, "huyo mwenye bucha anayo nyingine?"